Kunyanyua mizigo kwa kreni saiti: nani anawajibika, na hatua za kufuata kabla ndoano haijapanda

Kreni ya kukodi inalipiwa kwa saa, kwa hiyo ikifika saiti kila mtu anaikimbiza. Fundi anataka nondo zake ghorofa ya tatu, mwenye mradi anaangalia simu kila dakika, na opareta ameshaanza kushusha miguu ya kreni pale alipokuta nafasi. Nusu saa hiyo ya kwanza ina uzito kuliko saa zote zinazofuata. Kreni ikipinduka saa tano, mara nyingi kosa lilishafanyika saa mbili: uzito ulikisiwa, ardhi haikuangaliwa, slingi, yaani mkanda, cheni au waya wa kufungia mzigo, ikachukuliwa ile iliyokuwa karibu.

Mwongozo huu ni wa msimamizi wa saiti, riga (mfungaji wa mizigo), opareta na yeyote anayekodi kreni ya magurudumu au kreni ya lori kwa ajili ya ujenzi au kiwanda. Mifano mingi ni ya Tanzania na Kenya, lakini hesabu hazibadiliki ukivuka Namanga.

## Nani anabeba jukumu lipi

Tanzania Bara inatumia Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini. Zanzibar ina sheria yake. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2007, chini ya kurugenzi inayofahamika kwa kifupi kama DOSHS. Zote zinaanza na mwajiri: ndiye anayetakiwa kuhakikisha mashine ni salama, watu wamefundishwa na mahali pa kazi hapamuumizi mtu. Mfanyakazi naye ana wajibu wa kufuata maelekezo, kuvaa vifaa alivyopewa na kutoa taarifa anapoona hatari. Sheria ya Kenya inakwenda mbele zaidi: mfanyakazi akishatoa taarifa ya hatari kubwa, hapaswi kulazimishwa kurudi hapo mpaka irekebishwe.

Utata unaanza kreni inapokuwa ya kukodi. "Kreni si yangu" ni maneno ya kawaida sana saiti, na hayamsaidii mtu mbele ya mkaguzi. Mgawanyo wa busara ni huu, na uandikwe kwenye karatasi moja kabla kreni haijatoka kwao. Mwenye kreni anawajibika kwa mashine yenyewe, cheti cha ukaguzi, jedwali la uzito lililomo ndani ya kabini (linaloonyesha kreni inabeba kiasi gani kwa kila umbali), na umahiri wa opareta. Mwenye saiti anawajibika kwa ardhi, nyaya za umeme, njia, watu wanaopita na uzito wa mzigo. Opareta mgeni hawezi kujua kwamba chini ya kokoto zako kuna shimo la choo la zamani. Wewe ndiye unayejua, au unayetakiwa kujua.

Kwenye kazi yenyewe kuna nafasi nne. Msimamizi wa unyanyuaji ndiye anayepanga na kutoa ruhusa. Opareta anaendesha. Riga anafunga mzigo. Mpiga ishara anaongoza. Saiti ndogo riga anaweza pia kuwa mpiga ishara, na sioni ubaya. Lakini opareta asiwe riga. Nimeona kreni za lori ambako dereva anashuka kwenda kurekebisha slingi huku mzigo unaning'inia, kisha anapanda tena. Mzigo ukiwa hewani, opareta haachi vidhibiti hata kwa dakika moja.

Omba vyeti viwili: cha kreni na cha vifaa vya kunyanyulia. Watu wanakumbuka cha kwanza na kusahau cha pili. Kanuni za Uingereza za mwaka 1998, zinazofuatwa na makampuni mengi ya kimataifa hata huku kwetu, zinataka slingi, cheni na shakeli (pingu za chuma zenye pini) zikaguliwe na mtaalamu kila miezi 6, na kreni kila miezi 12. Kreni inayonyanyua watu nayo ni miezi 6. Bandarini kuna Mkataba Na. 152 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1979, unaotaka mashine za kunyanyulia zikaguliwe kwa kina kila miezi 12 na zijaribiwe kwa mzigo kila miaka 5. Soma namba ya mashine kwenye cheti, halafu nenda ukaisome kwenye kreni. Zikitofautiana, umeletewa cheti cha kreni nyingine.

## Hatua ya 1: Uzito uwe namba, usiwe makisio

Mzigo ambao hakuna mtu aliyetaja uzito wake haunyanyuliwi. Kama huna mzani, piga hesabu. Zege lina uzito wa tani 2.4 kwa mita moja ya ujazo, chuma tani 7.85, maji tani 1.

Chukua boriti ya zege ya urefu wa mita 8, upana sentimita 30 na kimo sentimita 60. Ujazo wake ni 8 × 0.3 × 0.6, yaani mita za ujazo 1.44. Zidisha kwa 2.4, unapata takriban tani 3.5. Hapo hujamaliza: ndoano na kapi zake, slingi, shakeli na boriti ya kunyanyulia kama ipo, vyote vinahesabiwa kama mzigo. Kapi ya ndoano peke yake inaweza kuzidi kilo 300.

Jenereta na transfoma zina kibao cha chuma chenye uzito. Kitafute na usimuulize muuzaji kwa simu. Tangi "tupu" fungua mfuniko uangalie. Kontena la kusafirishwa nje linatakiwa liwe na uzito uliothibitishwa kabla ya kupakiwa melini, utaratibu ulioanza tarehe 1 Julai 2016 baada ya miaka mingi ya watu kuandika uzito wa uongo kwenye makaratasi. Kontena ulilopokea uwanjani kwako halina ulinzi huo kama limeshafunguliwa na kujazwa upya.

Jambo jingine: kreni hainyanyui kitu kilichoshika. Nguzo iliyozikwa, fomu (mbao au paneli za kumwagia zege) iliyogandamana na zege, mashine iliyofungwa bolti moja iliyosahaulika. Nguvu inayohitajika kuking'oa haijulikani, na kinapoachia ghafla mkono wa kreni unaruka kwa nyuma. Kifungue kwanza kwa jeki na mtaimbo.

## Hatua ya 2: "Kreni ya tani 25" haibebi tani 25

Jina hilo linatokana na uwezo wake ikiwa imekaribia kabisa mzigo, kwa kawaida kama mita 3 kutoka katikati ya mzunguko wake. Ukiupeleka mzigo mita 15 au 20, uwezo unashuka hadi tani chache tu. Wanaokodi kreni kwa jina bila kuuliza umbali wanaingia kwenye mtego huu kila wiki.

Pima kwa tepu kutoka katikati ya sehemu kreni inapozungukia, hadi katikati ya mzigo ulipo. Pima tena hadi unapokwenda kutua. Tumia umbali ule mkubwa zaidi, kisha ongeza kidogo, kwa sababu mkono ukipokea uzito unapinda na ndoano inasogea mbele. Ukishapata umbali na urefu wa mkono, mwombe opareta akuonyeshe mstari huo kwenye jedwali. Opareta anayejua kazi atakuonyesha bila kununa. Hakikisha pia ni jedwali la hali mliyonayo: miguu iliyotolewa nusu ina jedwali lake, na mzigo ulio upande wa mbele huenda una namba tofauti na ulio ubavuni.

Mimi nikipanga kazi huishia asilimia 80 ya namba ya jedwali. Jedwali linaamini kreni imekaa sawa kabisa, hakuna upepo na opareta hana papara.

Kompyuta ya kabini inayopiga kelele mzigo unapozidi isitumike kama mzani. Ni kinga ya mwisho. Ukikuta swichi yake ya kuizima imefungwa kwa waya au imebandikwa mkanda, rudisha kreni hiyo ilikotoka, hata kama umeshalipa.

## Hatua ya 3: Ardhi

Hapa nitakaa, kwa sababu kreni nyingi za magurudumu zinapinduka kwa kuzama mguu mmoja, wala si kwa kukatika kitu.

Mkono ukiwa umeelekea pembe moja, mguu wa pembe hiyo unaweza kubeba sehemu kubwa ya uzito wote. Wapangaji wengi hukadiria asilimia 75 ya kreni na mzigo kwa pamoja. Tuseme kreni ina tani 24 na mzigo tani 6. Jumla 30, asilimia 75 ni tani 22.5 kwenye mguu mmoja. Sahani ya mguu huo ina sentimita 40 kwa 40, yaani mita ya mraba 0.16. Gawanya: unabonyeza ardhi kwa tani 140 kwa kila mita ya mraba. Udongo wa kawaida wa kiwanja haustahimili hata robo ya hiyo. Ukiweka chini yake jukwaa imara la mita 1.2 kwa 1.2, mgandamizo unashuka hadi tani 15.6. Bado ni mkubwa kwa udongo laini, na kwenye udongo mweusi wa mbuga ulionyeshewa ningeweka jukwaa kubwa zaidi au nisingefanya kazi siku hiyo.

Jukwaa maana yake ni mbao nene ngumu zilizofungwa pamoja kwa bolti, au bamba nene la chuma juu ya mbao hizo. Mbao za boksi za inchi moja zinapasuka. Matofali yanasagika, na yakisagika mguu unashuka ghafla.

Kabla ya kupanga, tembea na mtu anayekijua kiwanja. Uliza wapi palikuwa na choo, kisima, karo, mtaro uliofukiwa. Udongo wa kujaza unaonekana mgumu kwa juu na chini ni tope. Karibu na shimo la msingi, kaa mbali angalau kiasi cha kina chake: shimo la mita 3, mguu wa kreni usisogee chini ya mita 3 kutoka ukingoni, na udongo ukiwa dhaifu ongeza.

Miguu inatolewa yote, pande zote, na magurudumu yanainuliwa mpaka yasibebe uzito kama mtengenezaji anavyoelekeza. Kipimo cha usawa kisomwe tena baada ya mizigo miwili mitatu ya kwanza, maana ardhi huwa inakaa polepole.

## Hatua ya 4: Nyaya za umeme

Laini za kilovolti 11 na 33 zinazopita mitaani juu ya nguzo za miti hazina ganda. Waya ni mtupu, na umeme hauhitaji kuguswa. Ukisogea karibu vya kutosha unaruka. Kanuni za Marekani zinataka mita 3 kutoka laini isiyozidi kilovolti 50, na mita 6 kama hujui ina kiasi gani. Mimi hutumia mita 6 moja kwa moja, maana kumkuta mtu saiti anayejua kwa hakika ile laini ni ya ngapi ni bahati.

Umbali huo unapimwa kutoka popote mkono, waya wa kreni au mzigo unapoweza kufika ukizungushwa, pamoja na kuyumba. Kama hautoshi, andika barua TANESCO au Kenya Power wazime laini kwa saa zenu. Inachukua siku, kwa hiyo barua itangulie kreni.

Mkono wa kreni ukigusa waya wa umeme: opareta abaki ndani ya kabini, ajaribu kuutoa mkono polepole, na wote walio chini wakimbilie mbali bila kugusa kreni, mzigo wala kamba. Anashuka tu kama moto umewaka, na hashuki kwa ngazi. Anaruka miguu ikiwa pamoja, asiishike kreni huku mguu umegusa ardhi, kisha anaondoka kwa kuburuza nyayo bila kupiga hatua mpaka awe mbali zaidi ya mita 10. Mfundishe hivyo asubuhi, kwa sababu wakati huo hapatakuwa na nafasi ya kueleza.

## Hatua ya 5: Slingi na namna ya kufunga

Mzigo wa tani 4 kwenye slingi ya miguu miwili haumpi kila mguu tani 2, isipokuwa miguu imesimama wima. Ikilala na kufanya nyuzi 60 na mlalo wa mzigo, kila mguu unavutwa kwa tani 2.3. Nyuzi 45, tani 2.8. Nyuzi 30, tani 4 kamili kila mmoja. Chini ya nyuzi 30 usinyanyue kabisa. Tafuta slingi ndefu zaidi.

Slingi za kitambaa zinatambulika kwa rangi: zambarau tani 1, kijani 2, njano 3, kijivu 4, nyekundu 5, kahawia 6, bluu 8, na rangi ya chungwa kuanzia 10. Rangi inakupa uwezo wa slingi ikivutwa wima. Ukiifunga kwa kitanzi kinachokaba mzigo, hesabu asilimia 80 tu. Lebo ikikatika, slingi imekufa hata kama inaonekana mpya: ikate vipande viwili, vinginevyo kesho utaikuta imefungwa tena na mtu mwingine. Kwenye kona kali za chuma weka kinga. Kipande cha mpira wa tairi nene kinasaidia kwenye mzigo mwepesi, lakini kwa mzigo mzito tumia kinga iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Waya wa chuma unakataliwa ukiwa umepinda kibonyeo kisichonyooka, umevimba na kufunguka kama tenga, umeliwa na kutu, au una nyuzi zilizokatika kwa wingi. Kwa waya unaopita kwenye kapi, kipimo cha Marekani ni nyuzi 6 zilizokatika ndani ya urefu wa msokoto mmoja (urefu ambao msuko unazunguka waya mara moja), au 3 kwenye msuko mmoja. Pitisha kitambaa ili kizikamate nyuzi, usipitishe kiganja. Mkifunga kitanzi cha waya kwa vibano, kile kiti cha kibano kinakaa upande mrefu unaobeba mzigo, na ile U inabana ncha fupi. Kugeuza kibano kimoja tu kunaponda waya unaobeba.

Shakeli inatumika na pini yake. Kipande cha nondo kilichochomekwa badala ya pini nimekiona zaidi ya saiti moja, na kila mahali jibu lilikuwa "ni kwa leo tu." Ndoano iwe na kifunga mdomo kinachofanya kazi, na mdomo usiwe umepanuka kuliko ulivyotoka kiwandani.

## Hatua ya 6: Mzigo unapanda

Weka uzio wa mkanda kuzunguka eneo lote ambalo mzigo utapita, si pale unapoanzia tu. Mama ntilie na wapita njia hawajui ishara zenu, kwa hiyo mweke mtu wa kuwazuia. Hakuna anayepita wala kusimama chini ya mzigo, na hakuna anayeupanda.

Mpiga ishara ni mmoja na avae fulana ya kuakisi ya rangi tofauti na wengine. Opareta anamfuata huyo peke yake, isipokuwa ishara ya kusimama: hiyo akiitoa yeyote, hata kibarua wa siku ya kwanza, kreni inasimama. Kubalianeni ishara asubuhi, kwa sababu waliofundishwa mfumo wa Kimarekani na wa Kiingereza hawafanani katika zote. Kwa redio, ongea mfululizo: "Shusha, mita tano, nne, tatu, mbili, moja, taratibu, simama." Opareta asiposikia sauti anasimama bila kuuliza.

Inua sentimita 10 hadi 30, kisha simama. Hapo angalieni: mzigo umekaa sawa au umeinama? Ndoano iko juu ya kitovu cha uzito? Mguu wowote wa kreni umezama? Breki inashika? Kama kuna tatizo, shusha na ufunge upya. Usimtume mtu akalie upande uliopanda ili usawazike. Mzigo mrefu ufungwe kamba za kuongozea, na wanaozishika wasijizungushie mkononi.

## Upepo

Upepo wa mita 10 kwa sekunde unasukuma kama kilo 6 kwa kila mita ya mraba. Fomu ya mita 3 kwa 6 inapokea zaidi ya kilo 100 za msukumo wa ubavuni, na kasi ikiwa mara mbili msukumo unakuwa mara nne. Mzigo mwepesi wenye eneo kubwa, kama bati na plaiwudi, ndio unaodanganya. Pale Milwaukee, Marekani, tarehe 14 Julai 1999, kreni kubwa iliyoitwa Big Blue ilianguka ikiwa na kipande cha paa la uwanja cha tani zaidi ya 400, na nguvu ya upepo juu ya kile kipande haikuwa imepigiwa hesabu. Wafanyakazi 3 waliokuwa kwenye kikapu cha kreni nyingine walikufa.

Kreni isiyofanya kazi nayo inaua. Tarehe 11 Septemba 2015, siku chache kabla ya hija, kreni iliangukia Masjid al-Haram, Makka, wakati wa dhoruba, na watu zaidi ya 100 walifariki. Uchunguzi ulionyesha mkono wake ulikuwa umeachwa juu kinyume na maelekezo ya mtengenezaji. Kwa hiyo jioni laza au kunja mkono. Kreni ya mnara ni kinyume: breki yake ya kuzunguka inafunguliwa ili igeuke na upepo, na ukiifunga isizunguke unaipa upepo ubavu wake wote.

Pwani, Dar es Salaam au Mombasa, upepo wa bahari huongezeka alasiri. Panga paneli na mabati asubuhi, nondo na matofali baadaye. Kikomo cha upepo kisome kwenye kitabu cha kreni hiyo, na uwe na kipima upepo cha mkononi. Bei yake ni ndogo kuliko saa moja ya kukodi.

## Ajali ikitokea

Okoa watu kwanza, kisha zuia eneo. Kreni iliyoinama haisogelewi mpaka mtaalamu aseme haitaendelea kwenda. Ukishawatoa majeruhi, usihamishe kitu: slingi iliyokatika, jukwaa lililozama na nafasi ya vidhibiti ndivyo vitakavyoeleza kilichotokea. Piga picha, andika majina ya waliokuwepo na muda. Kenya, kifo kazini kinaripotiwa ndani ya saa 24 na taarifa ya maandishi ndani ya siku 7. Tanzania, wajulishe OSHA mara moja, na ufungue madai kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Vibarua wa siku nao wana haki ya fidia, kwa hiyo orodha ya mahudhurio ya asubuhi iwe na majina kamili, iwekwe ofisini, na isitupwe kreni inapoondoka.